Hongo ya Mgunda Mkali na Malezi ya Watoto Wetu



Maelezo yetu ya Ijumaa hii yanahusu neno moja ambalo kila mtu analijua, nalo ni hongo. Leo ukilitamka mbele za watu, kila mmoja atafahamu kuwa unataja rushwa, yaani mali anayopewa mwenye madaraka ili auze haki au aifumbie macho dhuluma. Lakini neno hili lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita katika ardhi ambayo sasa ni Mkoa wa Singida. Tumeona yafaa kuieleza kwa ajili ya watoto wetu wadogo, ambao siku hizi, pasipo wao kujua wala sisi kukusudia, twawafundisha kutoza hongo kabla hawajajua kusoma.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilianzia pwani, Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, na kutoka huko ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Uislamu wenyewe uliingia bara kwa njia hiyo, ukichukuliwa na wafanyabiashara, wapagazi na walimu. Wala si haki kuficha kwamba kwa njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa kuuzwa kama vitu. Kilimatinde, iliyomo katika Wilaya ya Manyoni, ni mojawapo ya mahali sita ambapo Tanzania ilipaweka mwaka 2006 katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, ili kumbukumbu ya njia hiyo ya pembe na watumwa isipotee.

Ukitoka Ugogo kuelekea magharibi ulilikuta pori ambalo wasafiri waliliita Mgunda Mkali. Nchi hiyo ni kavu, vichaka vyake vimesongamana, na maji yake katika kiangazi ni ya kubahatisha. Mwenye msafara aliyetaka kulivuka pori hilo ilimpasa kwanza anunue nafaka na kujaza vibuyu vyake Ugogo, na hapo ndipo ilipozaliwa nguvu ya hongo. Mtemi wa Kigogo alikuwa na visima na chakula. Mwenye msafara alikuwa na merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba. Basi wajumbe walikwenda na kurudi, nguo zikahesabiwa, zikakataliwa, zikaongezwa, na siku zikapita. Mpaka hongo ikubaliwe, wenyeji hawakuuza unga wala hawakuruhusu maji kuchotwa. Burton na Speke waliopita huko mwaka 1857, na Stanley aliyepita mwaka 1871, wameandika juu ya hongo za Ugogo kwa uchungu mwingi.

Lakini tusiwasikilize wageni peke yao. Mtemi naye alikuwa na hoja yake, na kwa maoni yetu haikuwa hoja dhaifu. Msafara wa mamia ya watu ukifika kisimani wakati wa kiangazi waweza kumaliza kwa siku mbili maji ambayo kijiji kiliyategemea kwa mwezi mzima. Hongo ilikuwa bei ya maji na ya amani, na penye bei pana haki ya kupatana. Hatusemi, basi, kwamba wazee wale walikuwa wala rushwa. Tunachotaka msikilizaji akiangalie ni kitu kingine, nacho ni yale ambayo hongo haikuweza kuyanunua.

Hongo ilinunua kupita tu. Mfanyabiashara aliyelipa doti nyingi kwa mtemi mmoja alikwenda mwendo wa siku moja au mbili akalipa tena kwa mtemi wa pili, kisha kwa wa tatu. Aliporudi kutoka Unyanyembe na pembe zake, alilipa upya. Na mwakani akija tena, hakuna aliyemwambia, "Wewe ulitupa nguo nzuri mwaka jana, pita bure." Kitu kilipokwisha kupokewa, habari zao zilikwisha. Yule aliyetoa aliondoka akinung'unika, na yule aliyepokea alibaki akidhani kuwa angaliweza kupata zaidi. Ndiyo desturi ya kila kitu kinachotolewa ili mtu aachiwe njia.

Utawala wa Kijerumani ulipoweka maboma yake njiani katika miaka ya 1890, Kilimatinde ikiwa mojawapo, hongo za watemi zikazimwa, na mwaka 1898 mahali pake ikaingia kodi ya nyumba. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, ikipitia Manyoni na Itigi, misafara ya miguu ilikosa kazi. Neno peke yake ndilo lililosalia, nalo likahamia ofisini na barabarani, likapata ubaya tunaoujua.

Nasi twasema kwamba limehamia pia majumbani. Mtoto analia, mama ana kazi, anapewa pipi anyamaze. Baba hakuonekana nyumbani tangu Jumatatu, Ijumaa anarudi na mwanasesere wa plastiki. Mjomba amefika kutoka Dar es Salaam, mtoto hataki kumwamkia, anaambiwa, "Msalimie mjomba, atakupa hela." Tazama jambo hili kwa makini, ndugu Mwislamu. Hapo hakuna zawadi hata moja. Kila kitu kilichotolewa kimetolewa ili mkubwa apite: apite kilio, apite lawama, apite aibu mbele ya mgeni. Huyo mtoto amewekwa kisimani kama mtemi wa Ugogo, na kwa kuwa ana akili, hachelewi kujifunza kazi yake. Keshokutwa utamsikia barazani akiwaambia wenzake, "Usiponipa na mimi, wewe si rafiki yangu." Wapo wazazi wanaolicheka neno hilo kwa kuwa limetoka kinywani mwa mtoto wa miaka minne. Si la kuchekwa. Mwenzake aliyeambiwa vile, ambaye mama yake anauza vitunguu vya mafungu na hana cha kumpa apeleke, ameelewa vizuri sana. Ataanza kukaa mbali, na mwenyewe hatasema kwa nini.

Ni kweli pia kwamba lugha yetu inaziunga mkono pande zote mbili. Wazee walisema, "Mkono mtupu haulambwi." Na wao hao wakasema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Methali ya kwanza ni ya njia ya misafara, yaeleza dunia ilivyo, na mtu mzima hana budi kuijua. Ya pili yahitaji kufundishwa, kwa sababu mtoto hawezi kuiona kwa macho. Pipi ataiona mkononi. Dhiki hajaijua bado, na rafiki wa wakati wa dhiki atamwona baada ya miaka mingi. Kwa hiyo asilaumiwe mtoto mdogo kwa kupima urafiki kwa vitu, maana hicho ndicho kipimo pekee anachokishika. Ni kazi ya wakubwa kumpa kingine.

Kipimo kingine kilikuwepo katika nchi hii, tena kwenye njia ile ile. Wapagazi, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi, hawakuwa na merikani za kugawa. Mizigo waliyobeba haikuwa yao. Hata hivyo walikwenda pwani na kurudi mwaka baada ya mwaka, na katika nchi za watu walihitaji mahali pa kulala, mtu wa kuwauguza wakiugua, na mtu wa kuwazika wakifa. Katika haja hiyo ulikua utani baina yao na Wazaramo, Waluguru na watu wengine wa njia hiyo. Wako wanaosema utani ulianza kwa vita vilivyokwisha kwa suluhu, wako wanaosema ulianza kwa safari, na hapana shaka pande zote mbili zina ukweli. Mtani hana haja ya kuja na kitu. Huja mikono mitupu, akakutukana mbele ya wakweo, akachukua kuku wako bila ya kuomba ruhusa, nawe huwezi kukasirika. Lakini siku ya msiba yeye ndiye anayeshika jembe, na ndiye anayewachekesha wafiwa wakati ambapo hakuna mwingine awezaye kuthubutu.

Ulikuwepo pia undugu wa kuchanjiana. Desturi ya kuonja damu sheria yetu haiikubali, wala hatuitetei. Twaitaja kwa sababu yaonyesha jinsi watu wale walivyofahamu kuwa nguo peke yake haitoshi: hata baada ya hongo kulipwa, mwenye busara alitafuta mtu katika nchi ile ambaye angemwita ndugu.

Jambo ambalo kwa maoni yetu lafaa zaidi kusimuliwa kwa watoto ni lile la ng'ombe. Miongoni mwa Wanyaturu na Wagogo, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Wengine aliwakabidhi kwa rafiki zake, kijiji hiki na kijiji kile. Rafiki aliwachunga, akakamua maziwa, akatumia samadi katika shamba lake la mtama au uwele, na katika udongo hafifu wa nchi kavu kama hiyo samadi ni chakula cha mwakani. Mwenye mali naye alipata usalama, kwani maradhi au ukame ukilipiga zizi moja, haukulipiga kila zizi. Sotoka ilipopita katika miaka ya 1890 na kuua ng'ombe wa Afrika Mashariki makundi kwa makundi, kila mfugaji alifundishwa somo hilo kwa ukali.

Sasa tazama hekima iliyomo. Ng'ombe yule hakuwa zawadi; alibaki kuwa mali ya mwenyewe. Hakuwa hongo, maana hapakuwa na njia ya kupitishwa. Alikuwa amana, na amana haimaliziki siku inapopokelewa, bali siku hiyo ndiyo yaanza. Mwenye ng'ombe alikuja kuwatazama wanyama wake, akakaa, akala, akauliza habari za watoto. Mwenye kuchunga alipeleka habari ndama alipozaliwa au alipokufa. Na mtoto wa nyumba ile alikua akinywa maziwa ya ng'ombe asiye wa baba yake, akijua jina la mwenyewe, na akijua kwamba mtu huyo alimwamini baba yake kwa kitu kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaja njaa ambayo katika Ugogo, pamoja na upande wake wa magharibi ulioko Manyoni, yakumbukwa mpaka leo kwa jina la Mtunya. Ilikuwa kati ya mwaka 1918 na 1920. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua zikakosekana. Watu walikufa kwa maelfu. Baadhi ya wazazi walifikia kuwaweka watoto wao rehani kwa wenye chakula, ili mtoto ale na wao wapate cha kula. Yeyote mwenye mtoto na afikiri hapo kidogo.

Watu wa nchi kavu wana neno lao la wakati huo: kuhemea. Mtu huchukua kapu au ngozi tupu, akatoka kwenda kutafuta chakula katika nchi ambako kipo. Mwenye kuhemea hana cha kutoa. Kama angalikuwa nacho, asingehemea. Basi huenda wapi? Huenda kwanza kule anakojulikana: kwa mkwe, kwa mtani, kwa yule ambaye baba yake na baba yake walikabidhiana ng'ombe. Merikani zilizokusanywa kwa hongo miaka hamsini nyuma hazikuwa na mtu wa kuendewa. Hapakuwa na mlango hata mmoja uliofunguliwa kwa sababu yake. Njaa haikumwacha salama kila mwenye marafiki, hilo nalo lazima lisemwe, kwani marafiki wengi walikuwa na njaa vile vile. Lakini walau mtu alikuwa na pa kuelekea asubuhi alipofunga mlango wake.

Yote haya kwa Mwislamu si mageni. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, alikuwa na watu waliotoka Makka wameacha nyumba na mali. Alianza kwa kuwaunganisha wawili wawili, Muhajiri na Ansari, kuwa ndugu. Abdurrahman bin Auf aliunganishwa na Saad bin Rabii, mtu tajiri wa Madina. Saad akamwambia wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akaomba jambo moja: aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akauza jibini na samli, na haikupita muda mrefu akawa na mali yake mwenyewe. Saad aliuawa katika vita vya Uhud mwaka 625. Katika kisa hiki watu hukumbuka ukarimu wa Saad na bidii ya Abdurrahman, na ni sawa. Sisi twataka mtoto akumbuke kwamba zawadi ilitolewa kwa moyo, ikakataliwa kwa adabu, na undugu haukupungua. Undugu wa hongo usingeyahimili hayo. Ungevunjika siku ile ile.

Asije mtu akafahamu kwamba twaiharamisha zawadi. Mtume (S.A.W.) alitoa zawadi na kupokea, hata iliyokuwa ndogo kabisa, na alituhimiza kupeana ili tupendane. Lakini ni yeye huyo aliyekataa kuwa shahidi wa zawadi. Bashir, baba yake Nuuman, alitaka kumpa mwanawe huyo kitu, na mke wake akataka Mtume ashuhudie. Mtume akauliza kama watoto wake wengine wamepewa mfano wake. Alipojibiwa kuwa hawakupewa, akakataa. Zawadi inayowatenganisha watoto wa nyumba moja haikupata shahidi. Wazazi wanaomletea simu mtoto mmoja kwa sababu amefaulu, na kumwacha mwenzake akitazama, wangefanya vema wakijiuliza ni nani watakayemwita ashuhudie.

Na iko habari nyingine, ndogo kwa maneno, ambayo twaiona ndiyo darasa kamili la kulea watoto. Anas bin Malik, aliyekuwa akimtumikia Mtume, alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umair. Mtoto huyo alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea, na ndege akafa. Mtume (S.A.W.) alipowatembelea akamkuta amehuzunika. Alimwita kwa lakabu yake, kama anavyoitwa mtu mzima, akamwuliza kwa mzaha wa upole habari za ndege wake. Basi. Hakumletea ndege mwingine, wala hakumwambia kuwa ndege ni kitu kidogo. Kiongozi wa umma wa Waislamu alisimama akashiriki huzuni ya mtoto kwa ajili ya ndege. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliyeishi katika karne ya nne ya Hijra, aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hiyo moja, akatoa mafunzo zaidi ya sitini. Mtoto aliyekaliwa hivyo ataweza kesho kumkalia mwenzake aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, asijali kuwa hana cha kumpelekea.

Kwa hiyo mafundisho haya hayahitaji fedha, na kwa sababu hiyo hapana nyumba ya Singida, mjini au Iramba au Manyoni vijijini, isiyoyaweza. Rafiki wa mwanao akiugua, mchukue mwanao kwa mkono mwende mkamtazame, nanyi msichukue kitu. Aone kwamba mlango ulifunguliwa na kwamba mgonjwa alifurahi. Akiwa na mpira, usimwambie autoe upate kumsifu, bali mwambie acheze nao pamoja na wenziwe, kwa maana mpira wa mtu mmoja hauna mchezo. Akikataa kumwamkia mjomba, mwache. Mjomba na akae chini amwulize habari za vifaranga vyake, atamwamkia mwenyewe kabla ya magharibi. Na zawadi ikiwepo, itolewe siku ambayo hakuna kilio wala ahadi. Usiku msimulie habari za Mgunda Mkali, maana watoto hupenda habari za pori na misafara, kisha umwulize mtemi alimkumbuka nani.

Idi ikifika, kabla ya kanzu mpya na kabla ya sikukuu ya shilingi anazopewa na kila mkubwa, mtume kwanza kwa yule mwenzake ambaye wiki hizi amekuwa akikaa mbali. Asichukue sahani, asichukue kitu chochote. Msindikize mpaka mlangoni, ugonge hodi kwa niaba yake, kisha urudi zako nyumbani uwaache.